Doa Jeusi la Mama Nyota

Mkurugenzi alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu akabidhiwe kile kiti. Kawaida humtuma katibu wake, katibu humtuma mhudumu, na mhudumu hunikuta nimeshasikia kwa walinzi.

"Fundi," akasema, "leo saa nane mchana uzime viyoyozi vyote vya ghorofa ya tatu. Umeme unatumaliza."

"Na cha chumba cha kompyuta, mzee?"

"Vyote nimesema. Kule juu kuna mtu mmoja tu, anaangalia nukta."

Akakata. Cha ofisini kwake, kinachopuliza kiti kitupu hata akiwa safarini, hakukitaja. Mimi shule sikuisoma nikaimaliza, lakini wakubwa nimewasoma mpaka jalada la nyuma. Mke wangu alikata roho mlangoni kwetu tukisubiri gari la wagonjwa, na gari lenyewe mkuu wa hospitali alikuwa ameliazima kubebea viti vya harusi ya mwanawe. Viti vilifika salama. Tangu siku ile nikimwona mtu wa tai, ngumi inajikunja yenyewe mfukoni.

Sasa huyo "mtu mmoja" wa ghorofa ya tatu ndiye aliyekuwa amenivuruga moyo mtu mzima mimi, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi.

Jengo zima humwita Mama Nyota. Hana mtoto, hana mume, ana kompyuta mbili na sweta moja la kijivu. Mimi humwita Daktari, wa usomi si wa sindano. Kwa muda mrefu nilipanda kule kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kinavuja. Kisha nikawa napanda hata kama hakivuji, na yeye anajua, na mimi najua kwamba anajua, na chai yangu naikuta imeshamiminwa.

Juzi aliniambia wamemwita akafanye kazi kwenye darubini yenyewe, ile inayomletea picha za nyota, mlimani, nchi ya mbali, miaka mitatu. Jibu lilitakiwa leo kabla ya kufunga kazi. Aliniambia polepole, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nikaona anasubiri neno. Na mimi, bwege, nikasema:

"Hongera. Nenda."

Alinitazama kama mtu aliyefika dukani mchana kweupe akakuta pamefungwa. Hajanisemesha tena.

Basi nikabeba boksi langu la vifaa, nikapanda.

*

Mapazia yalikuwa yameshushwa nusu. Vitabu vyake vilikuwa tayari kwenye katoni mbili, na moja ameifunga kwa kamba. 

"Umekuja kuzima?" akauliza bila kugeuka.

"Nani kakwambia?"

"Walinzi."

"Nimekuja kumwaga ndoo."

"Ndoo haijajaa."

"Inaelekea."

Siku nyingine angecheka. Akakizungusha kiti, akaniangalia usoni, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Kaa, Fundi. Nina swali, si la kazi. Ukinitazama mimi, unaona nini?"

Nikakaa juu ya katoni. Nikajikuna shingo ambayo haikuwa inawasha. "Naona mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu... Daktari."

"Mimi nitakwambia unachoona." Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana niliogopa. "Nikitia sukari, unasema marehemu alikuwa hatii sukari. Nikishuka ngazi, unasema marehemu alikuwa hana haraka. Siku ile nimecheka mpaka machozi, ukasema marehemu alikuwa akicheka hafungui kinywa. Mimi simchukii, Mungu amrehemu. Ila unanipima kwa picha ya mwingine, na kila siku matokeo ni yaleyale. Nimepungua hapa, nimepungua pale."

"Sikuwa na nia mbaya."

"Najua. Ungekuwa na nia mbaya ningeshakufukuza."

 Mtu anaweza kufungua mashine yoyote ikawa vipande mezani na kuirudisha ikawaka, halafu sentensi moja ikamshinda. Nikayakimbiza macho kwenye kompyuta. Palikuwa na vipicha vitatu vya mraba vimepangwa mstari mmoja. Viwili vilikuwa na ukungu mweupe katikati. Cha tatu kilikuwa cha kijivu kitupu, na katikati yake doa jeusi kama tundu la msumari.

"Hicho cheusi ni nini?" nikauliza.

Nakiri nilikuwa nakwepa. Lakini pia nilitaka kujua kweli, kwa sababu miezi yote ile alikuwa akinionyesha madoa meupe, jeusi sijawahi kuliona. Na Daktari ana udhaifu mmoja. Ukimuuliza jambo la angani, hata kama amekununia, atanuna huku anakueleza.

Akashusha pumzi. "Unakumbuka nilivyokwambia tunavyotafuta?"

"Darubini inapiga picha anga lilelile, tena na tena. Kompyuta inachukua picha mpya, inatoa ya zamani ndani yake, kama hesabu ya kutoa. Kinachobaki ndicho kilichobadilika."

"Na mimi natafuta nini katika kinachobaki?"

"Nyota iliyochanwa."

"Ichanwe na nini?"

"Shimo jeusi. Lile zito linalokaa katikati ya galaksi." Nikaona anataka kutabasamu, akajizuia. Nikaongeza mkaa. "Nyota ikikatiza karibu mno, ubavu wa huku unavutwa kuliko ubavu wa kule. Inarefuka kama donge la unga mikononi, mpaka inakuwa nyuzi."

"Nusu inazunguka shimo, inasuguana, inawaka," akaendelea yeye, "na kwa miezi kadhaa inaweza kung'aa kuzishinda nyota zote za galaksi yake. Kisha inafifia."

"Na nusu nyingine? Hilo hujawahi kuniambia."

"Inatupwa nje. Inakwenda zake gizani. Hakuna anayeifuatilia."

 Hiyo nusu niliifahamu vizuri.

"Sasa hili," akagusa kioo kwa kidole, "nimelikuta leo asubuhi kwenye taka."

"Taka zipi?"

"Kompyuta ina boksi la taka. Kila usiku yanakuja madoa maelfu. Nyota zilizolipuka, satelaiti zinazopita, kasoro za kamera. Ningekufa nikiyapitia moja moja. Kwa hiyo zamani, nilipoanza kazi, niliiamuru iniletee meupe tu, yanayoongezeka mwanga. Meusi itupe. Nani anatafuta kinachopungua?" Akavuta mikono ya sweta mpaka vidoleni. "Leo nilikuwa nafunga mizigo. Nikasema kabla sijaondoka hebu nione nilichokuwa natupa."

Akanifungulia mchoro. Mstari ulianzia juu, ukashuka kwa kasi, halafu ukalala taratibu kuelekea chini. 

"Doa lilikuwa linazidi kuwa jeusi, picha baada ya picha, kisha likatulia. Nikajiuliza, kitu gani kinapungua hivi? Nikageuza mstari juu chini, nikaugeuza tena. Fundi, mtelemko huu naujua. Ndio niliousaka maisha yangu yote. Ni nyota iliyochanwa inavyofifia."

"Mbona basi likaonekana jeusi?"

"Kwa sababu ya picha ya zamani." Akairudisha kwenye kioo. "Ile ninayotoa. Niliifanya kipimo cha kila kitu, sikuwahi kuishuku. Kumbe siku inapigwa, moto ulikuwa umeshawaka ndani yake. Kila picha iliyokuja baadaye ikawa inaonekana imepungua. Na haikuwa na kosa lolote."

Kiyoyozi kikadondosha tone kwenye ndoo.  Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe na mimi nilikuwa nimeyasikia, tukawa wote tunaangalia ndoo.

"Una hakika?" nikauliza hatimaye. 

"Bado. Kuna darubini ya zamani zaidi iliyopiga pale miaka ya nyuma. Kompyuta inaziunganisha picha zake sasa hivi. Kama hapakuwa na moto kabla, basi ni yenyewe. Kama moto ulikuwepo siku zote, nimechekesha watu." Akatazama saa ya ukutani. "Inahitaji kama saa moja. Chumba kikipata joto, mashine inajizima yenyewe, na jibu langu linatakiwa leo."

Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa nane.

Nikasimama, nikaenda kwenye kisanduku cha swichi, nikakifungua. Nikatoa bisibisi, nikaikamata vizuri. Halafu nikakaa tena juu ya katoni.

Simu ikalia saa nane na nusu.

"Fundi! Mbona mita bado inakimbia?"

"Swichi imekwama, mzee. Nimo ndani yake hapa."

"Itachukua muda gani?"

"Inategemea kutu."

"Kutu ya wapi? Vifaa hivyo ni vipya!"

"Ndiyo hapo, mzee. Walioviagiza ndio wanajua."

Akakata haraka, maana aliyeviagiza ni yeye. Daktari alikuwa amejiziba mdomo kwa sweta, mabega yanamcheza.

*

Hatukumaliza kucheka. Mlango ulisukumwa bila kubishwa hodi, akaingia shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, anahema kwa ngazi, mkoba umebanwa kwapani kama anakwenda kumpiga mtu nao. Binti yangu ndiye aliyemwambia. Nilimwambia binti yangu siri, naye akamwambia mama yake mkubwa tu, na kwa mama yake mkubwa siri haina pa kulala.

"Ndiyo huyu?" akauliza, akimtazama Daktari kuanzia viatu.

"Shikamoo, dada," Daktari akasimama.

Shemeji akaiacha ile salamu hewani ikachoka. "Marahaba. Nasikia wewe unasoma nyota za watu."

"Hapana, dada. Za watu sizijui. Mimi natafuta zilizochanika."

"Zilizochanika! Nyota ni nguo?"

"Shemeji," nikasema, "hapa ni kazini."

"Na mimi nimekuja kikazi. Wewe nyamaza, wewe nitakukuta nyumbani." Akakaa kwenye kiti cha Daktari, kiti pekee. "Sikiliza, bibie. Mimi sina ugomvi na wewe. Mdogo wangu ana miaka minne kaburini. Picha yake iko sebuleni kwa huyu bwana, na kila Jumamosi nakwenda kuifuta vumbi kwa mkono wangu. Naambiwa sasa kuna mwingine. Mtu wa vitabu, hajawahi hata kulea. Kwa umri huu mnatafuta nini nyie? Na picha ya mdogo wangu itakwenda wapi? Stoo?"

Uso wa Daktari ulibadilika, lakini hakuinamisha kichwa. "Dada, sijawahi kuingia kwake. Sijaiona hiyo picha. Na leo natuma jibu la kuondoka. Huna haja ya kunifukuza, mizigo hiyo hapo."

Shemeji akaziangalia katoni. Akaniangalia mimi niliyekalia mojawapo. Nadhani alikuwa amepanda ngazi na maneno mengi zaidi, sasa akakosa pa kuyatua.

Kompyuta ikatoa mlio mdogo.

Daktari aliruka. Alisahau kama kuna mgeni, akainama juu ya bega la shemeji, akabonyeza. Kikatokea kipicha, kikatokea kingine. Mimi nikasogea, na bisibisi yangu mkononi.  Sikujua nasali nini. Kama ni yenyewe, wale wa mlimani watamtaka zaidi. Kama si yenyewe, ataondoka akiwa amevunjika. Na bado nilitaka iwe yenyewe. Nilitaka kwa nguvu zangu zote.

"Hilo vumbi vumbi ni nini?" shemeji akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Galaksi, dada. Nyota nyingi kupita hesabu." Daktari akakivuta kipicha cha kwanza mbele. "Hii ni picha ya kale. Tazama katikati. Kuna nini?"

Shemeji akatoa miwani mkobani, akavaa. "Hamna kitu. Weupe wa kawaida tu."

"Na hii, ile niliyoifanya kipimo?"

"Hapo kuna taa."

"Na hizi za baadaye?"

"Taa inazimika. Inazimika... hapo imekwisha." Akavua miwani. "Kwa hiyo?"

 Daktari alikuwa ameshika ukingo wa meza, machozi yanamtiririka bila sauti, na anatabasamu. Ikabidi nijibu mimi.

"Kwa hiyo kuna nyota ilipita karibu na shimo, shemeji, ikachanwa. Hiyo taa ndiyo yenyewe inavyokufa."

"Lini?"

"Kabla hajazaliwa mtu yeyote duniani," akasema Daktari, akijifuta kwa sweta. "Mwanga wake ulikuwa njiani wakati wote huo. Umefika kwetu miaka michache iliyopita, na mimi nilikuwa nautupa."

"Umesafiri kote huko, halafu ukautupa?"

"Nikautupa, dada."

"Maskini," shemeji akasema. Sikujua anamwambia Daktari, au nyota, au nani. Akaendelea kuitazama ile picha yenye taa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini. "Na hii yenye taa, mtaifanyaje? Mtaifuta?"

"Hapana! Hii haifutwi hata kidogo. Ndiyo ushahidi kwamba iliwaka." Daktari akafikiri kidogo. "Ila haitakuwa kipimo tena. Itakaa mahali pake."

Shemeji akakunja miwani, akaikunjua, akaikunja tena.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Nikaiacha ilie. Ikakoma, ikalia tena, nikaizima yenyewe badala ya kiyoyozi.

"Daktari," nikasema. "Uliniuliza naona nini."

"Fundi, si lazima..." Akamtazama shemeji.

"Acha asikie. Nisiposema leo hapa mbele yake, sitasema tena." Niliiweka bisibisi chini, maana mtu hawezi kuongea maneno haya ameshika bisibisi. "Naona mtu anayevaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya baridi ninayotengeneza mimi, na hajawahi kunilalamikia. Naona mtu anayetia vijiko vitatu vya sukari, hakorogi, akifika chini ya kikombe anafurahi kama kaokota kitu. Akikasirika anaongea na kompyuta, akipoa anaiomba radhi, nimemsikia kwa masikio yangu. Akieleza jambo, mikono yake haitulii, na mimi nasahau nimepanda kufanya nini. Sikufananishi na mtu. Nakwambia ninachoona."

 Shemeji alikuwa ametazama dirishani, shingo imekakamaa.

"Mbona juzi ulisema niende?" Daktari akauliza, polepole.

"Kwa sababu niliogopa kusema usiende. Na leo pia sisemi usiende." Nikaionyesha ile kompyuta. "Kwa hawa wakubwa wetu, wataizima hiyo mashine kesho, na hilo doa lako litarudi kwenye taka. Kule watakuacha utafute. Nenda. Ila nataka kuuliza. Huko mlimani, hawahitaji fundi wa viyoyozi?"

Macho yalimtoka. "Fundi, kule kuna theluji. Hakuna viyoyozi. Kuna mashine za kupasha joto."

"Mashine ya kupasha joto ni kiyoyozi kilichogeuzwa. Kinachotoa joto ndani, ukikigeuza, kinaliingiza. Wewe si ndiye uliyegeuza mstari juu chini ukaona kitu ni kilekile?"

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka kwa kinywa wazi, kichwa nyuma, mkono kifuani, kicheko kilichotoka mpaka ukumbini. Kilikuwa chake. Nilikisikiliza chote mpaka kikaisha.

Akavuta kibodi karibu, akasimama palepale maana kiti kilikuwa na mwenyewe, akaanza kuandika jibu lake. Mimi na shemeji tulikuwa tunasoma pamoja naye. Aliandika kwamba amekubali, kwamba ana habari ya doa moja ambalo wao pia watapenda kuliona. Kisha akasita, akaandika: *Nitakuja na mtu.*

"Mtu?" shemeji akasema. "Mtu gani? Mzigo?"

"Dada, sijui niandike vipi. Bado hatuja..."

"Ndiyo hapo. Huwezi kuandika hivyo, wala huwezi kuandika vingine, kwa sababu mambo hayajafanywa." Alinyanyuka, akamrudishia kiti chake, akakipangusa kwanza kwa kiganja kama anavyofuta ile picha. Aliponigeukia, macho yake yalikuwa na maji, lakini mdomo ulikuwa uleule wa siku zote. "Na wewe, ufunguo wa nyumba utaniachia mimi. Jumamosi zangu sitaziacha."

"Utaachiwa, shemeji."

"Vizuri." Akabana mkoba kwapani, akamwelekea Daktari, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtazama usoni badala ya viatuni. "Sasa mdogo wangu, niambie. Kwenu, anayepokea wageni ni nani?"